Harufu Iliyotoweka

Jumapili iliyopita binti yangu alivunja yai viza jikoni, akaziba pua, kisha akaniuliza, "Baba, mbona umeduwaa hivyo?" Sikumjibu, kwa kuwa nilikuwa nimerudi kwenye shimo la majitaka la kile kiwanda cha ngozi, mwaka 2014.

Nilikuwa na miaka sita katika kamati ya usalama na afya, ambayo sheria ya Kenya ya mwaka 2007 inaitaka kila mahali pa kazi penye watu 20 au zaidi. Mafunzo nilipata mara moja tu, mwanzoni. Kuhusu gesi ya shimoni nilishika jambo moja barabara: inanuka kama yai viza, ukiinusa kimbia.

Asubuhi ile pampu iliziba. Tulipofunua kifuniko harufu ilitupiga, tukajitenga kidogo. Kisha nilirudi, nikapiga magoti ukingoni, nikainama na kuvuta pumzi taratibu, huku fundi akiningoja, mkono wake tayari kwenye ngazi ya chuma. Nilisikia unyevu, chokaa na ngozi mbichi. Yai viza halikuwepo.

"Imekwisha," nikamwambia. "Shuka."

"Mzee, asishuke!" Alikuwa mjumbe wetu mpya, msichana aliyetoka mafunzoni wiki mbili kabla, anakuja mbio na kifaa cha kupima gesi. Alikifunga kamba, akakiteremsha polepole. Hakikufika hata mita moja kikaanza kulia, na namba ikapanda mpaka ikapita 100. Ndipo akanieleza, kwa adabu kama anayemsomea babake barua, kwamba gesi hiyo, salfaidi ya hidrojeni, ikifikia kiasi hicho katika sehemu milioni za hewa huilemaza pua, hata anayeivuta akadhani imeondoka. Kwamba ni nzito kuliko hewa, hivyo hulala chini. Na kwamba majitaka ya kunyonyolea manyoya yakikutana na yenye asidi, huifanya itoke upya.

Nilichofundishwa mwanzoni hakikuwa uongo. Kilikuwa nusu, nami niliishi na nusu hiyo miaka sita bila kuirudisha kwa mwalimu. Baada ya siku ile tuliomba tuwe na mafunzo ya marudio kila mwaka. Tulipewa mwaka mmoja tu.

Yule fundi hunisalimia vizuri kila tunapokutana sokoni. Hajawahi kuniuliza kwa nini nilimwambia ashuke, nami sijapata maneno ya kuanzia.