Kuambiwa Chumvi Imekwisha

Ndoa ya simu ina mambo makubwa matupu. Miaka yote niliyokaa Maskati nikitengeneza injini za boti, mke wangu akiwa huku Kibirizi, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, na watoto, tulizungumza kila usiku, kwake ikiwa saa tatu na kwangu saa nne. Ada ya shule imefika. Bati zimepanda bei. Mama kule Ujiji amelazwa. Fulani amefariki, tutoe rambirambi kiasi gani? Maji ya ziwa yamepanda, yamesomba chanja za dagaa, inabidi tununue mbao upya. Mtu ameshinda juani kutwa, bando linakaribia kwisha, humpigii ukaanza kumweleza kwamba bata wa jirani wameingia jikoni wakala unga. Hayo tuliyaacha. Kila mmoja alimhurumia mwenzake, akampa yale ya lazima tu.

Sasa nimerudi, na furaha yangu kubwa iko katika yale tuliyokuwa tunayaacha. Mke wangu akiita kutoka jikoni, "Baba watoto, chumvi imekwisha," nainuka kwenda dukani moyo mweupe. Miaka yote ile chumvi ya nyumba hii ilikuwa inakwisha, inanunuliwa, inakwisha tena, nami sina habari. Nilijua nyumba imeezekwa bati. Sikujua kwamba mvua kubwa ya Novemba ikilipiga bati hilo watoto wanahamia chumbani kwa mama yao, wote kitanda kimoja, wanapiga soga mpaka ipungue. Mvua ya kwanza baada ya mimi kurudi, mlango ulifunguliwa usiku wakaingia na mashuka yao, wakasimama kidogo wakinitazama. Mama yao akasema, "Baba yenu atasogea." Nikasogea. Nililala ukingoni kabisa usiku ule, goti la mtoto likiwa mbavuni mwangu, na sikutaka mvua ile ikatike.

Aliyeko ng'ambo akitafuta riziki asinielewe vibaya. Sidharau fedha hata kidogo. Fedha ya Maskati ndiyo iliyojenga nyumba hii, ikasomesha, ikamtibu mama yangu, na nilikaa vizuri na watu wa kule, wengi wao wakizungumza Kiswahili kwa kuwa wazee wao walitoka Zanzibar na wengine huku huku bara. Niliporudi watu waliniuliza nimekuja na nini, nami niliwajibu kweli: sanduku la spana na afya yangu. Wapo waliotegemea kuona gari. Sioni ubaya kwa mtu kurudi na gari. Ninachosema ni kwamba tulipokuwa mbali tuliweza kutumiana karibu kila kitu kwa simu, fedha, picha, sauti, mpaka dua, lakini hatukuweza kutumiana Jumanne ya kawaida isiyo na jambo lolote.

Kazi yetu ya hapa inafuata mwezi wa angani. Kwa asiye mtu wa ziwani nieleze kidogo. Dagaa wa Tanganyika wanavuliwa usiku kwa taa. Jua likizama nyuma ya milima ya Kongo wavuvi wanatoka, wanawasha taa juu ya maji, dagaa wanapanda kufuata mwanga, wavu unainuliwa. Mwezi ukiwa mkubwa, mwanga umetapakaa ziwa zima na taa ya mvuvi haiwezi tena kuwakusanya samaki mahali pamoja. Kwa hiyo kila mwezi una siku zake za giza, ambazo mwalo, yaani ufuko wa kushushia samaki, haulali, na siku zake za mbalamwezi, ambazo vipe, boti zetu za kuvulia dagaa, vimepumzika ufukweni na vijana wanashona nyavu.

Mke wangu ni mtu wa giza, mimi ni mtu wa mbalamwezi. Yeye ananunua dagaa wabichi, anaanika, anauza. Mimi naletewa injini wakati wavuvi hawatoki, maana hakuna mwenye kipe atakayekubali injini yake ifunguliwe katika usiku wa kuvua. Wiki ambazo yeye anazidiwa mimi nina nafasi, na wiki ambazo mikono yangu imejaa grisi yeye anapumzika. Sikupanga hivyo. Nilipofungua kibanda changu cha ufundi nilikuwa natafuta tu mahali penye kivuli karibu na maji. Lakini ratiba hii imetupa kitu ambacho sasa nakithamini kuliko mapato yenyewe: kila mmoja wetu anapata zamu ya kumtunza mwenzake.

Siku za giza anaamka kabla ya adhana. Zamani nilidhani kuanika dagaa ni kumwaga samaki juani na kusubiri. Kumbe ni kazi ya macho na mwendo. Boti zinaporudi kunapambazuka, naye anajua mavuno kabla ya ndoo ya kwanza kushuka: wafanyakazi wa kipe wakiwa kimya, bei itakuwa juu, wakija wanapigiana kelele na kutaniana, dagaa ni wengi. Anachagua, anabishana bei, anabebesha, anatandaza juu ya chanja za wavu kwa mkono mwepesi ili wasirundikane. Wapo wanaoendelea kuanika juu ya mchanga, na ukila dagaa hao unausikia mchanga menoni. Wa kwake hawana hata punje, na wateja wake wanalipa zaidi kwa sababu hiyo. Jua likiwa kali siku moja inatosha. Wingu likijitokeza juu ya vilima vya Gungu, kila mwanamke wa mwalo anatazama juu kwa wakati mmoja.

Mimi huwa nampelekea chai. Nachemsha maziwa, natia tangawizi, najaza chupa, nachukua na viazi au muhogo wa kuchemsha, nateremka. Siku za mwanzo wanawake wenzake walicheka. Mmoja akamwambia, "Shoga, huyu wa Maskati utamharibu." Mke wangu akanywa chai yake taratibu, akasema, "Mwache aharibike." Tunakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, dakika chache tu, yeye akitazama chanja zake na mimi nikitazama injini za watu, na anaanza kunihadithia. Nani kapata kingi. Nani kagombana na nani kuhusu deni la mwezi uliopita. Mtoto wa fulani kapasi. Huko nyuma mambo kama haya yangeonekana kupoteza bando. Ndiyo ninayoteremkia nayo chupa ile.

Taa zimebadilika, na hilo nalo tulilizungumza juu ya mtumbwi ule. Nilipoondoka ziwa la usiku lilikuwa la karabai, taa za mafuta zenye kunguruma, mwanga wake wa manjano. Niliporudi nikakuta taa nyeupe za betri zinazochajiwa kwa sola. Kutoka mlangoni kwetu usiku wa giza utadhani kuna mji mwingine katikati ya maji. Mke wangu anazipenda kwa sababu ajali za moto zimepungua. Mimi nazipenda pia, ila nilimwambia nakumbuka mlio wa karabai za baba yangu, naye akasema anaukumbuka, akauiga kwa mdomo, na tukacheka mpaka dagaa wakakosa mtu wa kuwageuza.

Ikifika mbalamwezi zamu inageuka. Kibandani kwangu kunajaa: injini za vipe, injini za boti za abiria zinazokwenda Kagunga mpakani na Burundi, mara nyingine za wafanyabiashara wa mawese. Kufungua kabureta, kusafisha plagi, kubadilisha sili, kusikiliza. Naipenda kazi hii kuliko nilivyoipenda Maskati, ingawa ni ile ile. Kule nilitengeneza injini za watu walioingia baharini kutembea. Hapa namjua mwenye injini, namjua mkewe, watoto wetu wanasoma pamoja. Injini ikizimika usiku katikati ya ziwa lenye kina kinachofikia mita 1,470 hakuna nanga itakayogusa chini, na upepo ukianza boti inakwenda unakotaka wenyewe. Kwa hiyo nikifunga boliti ya mwisho na injini ikaitikia kwa mvuto wa kwanza wa kamba, furaha ninayoipata nashindwa kuieleza vizuri. Ni furaha ya dakika moja. Lakini kwa siku inaweza kuja mara kadhaa.

Na siku hizo nakuta chakula kimeiva. Anapika mgebuka, samaki wa ziwa letu, kwa mawese: anaacha mawese yapate moto barabara, kitunguu, nyanya, halafu mgebuka aliyekaushwa kwa moshi, moto mdogo, kifuniko. Pembeni ugali wa muhogo. Huko Omani nilikula wali mzuri na nyama nzuri, wala sitakufuru. Lakini harufu ya mawese ikikupokea njiani kabla hujauona mlango, na unajua imepikwa kwa sababu yako, hata miguu inaongeza mwendo. Nanawa mikono kwa sabuni ya mawese, maana hiyo tu ndiyo inayotoa grisi yangu, na yeye ananimiminia maji. Ameshaniambia mara nyingi kwamba bomba lipo. Namwambia bado nataka animiminie. Ananimiminia.

Mtoto wetu wa mwisho alinifahamu kwa sauti kabla ya sura. Wiki za mwanzo alikuwa akitaka kuniambia neno anampitia mama yake: "Mama, mwambie baba chai ipo." Nami nimekaa pale pale, kikombe mbele yangu. Sikumlazimisha. Mama yake naye alikuwa na hekima, akawa anafikisha ujumbe na kurudisha majibu kwa utulivu, mpaka siku moja mtoto alikuja mwenyewe kibandani baada ya shule akaniuliza propela inazunguka upande gani. Nilimwonyesha. Akarudi kesho yake na mwenzake, akamweleza yeye. Sasa hunifikishia spana kabla sijaitaja, na maneno yake hayana kituo.

Kipindi kilichotupima ni pale serikali ilipofunga ziwa, 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ili samaki wapate kuzaliana. Nilikubaliana na hatua ile na bado nakubaliana nayo, maana kila mvuvi mzima atakuambia samaki walikuwa wanapungua. Ila mifuko ilikauka. Wavuvi waliniletea injini nyingi mwezi wa kwanza wa kufungwa, na wengi walisema watalipa ziwa likifunguliwa. Mke wangu aligeukia mawese, akawa ananunua vijijini na kuuza soko la Mwanga, mimi nikibeba madumu. Hatujawahi kushinda pamoja kiasi kile tangu tulipooana. Jioni tulishuka Ujiji kumsalimia mama, tukapita njia ya miembe, karibu na pale Livingstone na Stanley walipokutana mwaka 1871. Mama alimpokea mkamwana wake kwanza, kisha mimi, ndiyo kawaida yake sasa. Akamwambia, "Mwanangu, huyu mumeo amenenepa." Sikuwa nimenenepa, na mfukoni hapakuwa na kitu. Mke wangu akamjibu, "Ametulia tu, mama."

Mwezi uliopita bosi wangu wa zamani alinitafuta. Ana karakana mpya, anataka fundi anayemwamini, mkataba wa miaka miwili, mshahara mzuri kuliko wa kwanza. Nilimwambia mke wangu usiku ule ule. Hakusema nenda wala usiende. Alileta daftari lake la dagaa, tukakaa mezani tukaandika: ada ya mkubwa anayeingia kidato cha tano, fenisi ya nyumba, deni la mashine ya kukamulia mawese tuliyoichukua kwa ushirika. Upande wa pili tukaandika mapato ya giza na ya mbalamwezi. Hesabu ilikuja pungufu, ila ilikuwa ya kubebeka. Fenisi tukaifuta. Kisha akaniuliza swali moja tu, kama kuna kitu ninachokitaka ambacho fedha ile ingenipa na hapa sina. Nilifikiri sana, kwa sababu alistahili jibu la kweli. Nikamtajia mashine ya kupimia mfumo wa umeme wa injini mpya, ambazo zimeanza kuingia ziwani na sitaki vijana wa mjini wanipite. Akaiandika kwenye daftari, akapiga mstari chini yake, akasema tutaitafuta polepole.

Nimemjibu bosi kwa heshima na kumshukuru, na nimemtajia kijana wa Katonga niliyemfundisha mwenyewe, anayeweza kazi na bado hajaoa. Giza linaanza wiki hii. Nina injini mbili za kumaliza kabla ya Alhamisi, na mama watoto anataka twende Mwanga pamoja kununua wavu wa chanja, kwa sababu anasema mimi nikienda peke yangu huwa sibishani bei vya kutosha.