Ukuta wa Dari

Somo: Kumbukumbu la Torati 22:8

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Nyumba za Israeli zilikuwa na dari tambarare. Watu walipanda huko, wakaanika vitu huko; Rahabu aliwaficha wapelelezi darini kwake chini ya mabua ya kitani (Yoshua 2:6). Ndiyo maana Torati inamwagiza anayejenga nyumba mpya azungushe ukuta kando ya dari, mtu asije akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba ile. Angalieni anayeagizwa. Si yule anayepanda darini, ni mwenye nyumba.

Makanisani kwetu Dar es Salaam vijana wa bodaboda husimama kushukuru kwamba wamenusurika. Lori limekata kona, pikipiki imeburuzwa, kijana katoka na michubuko. Tunaitikia amina, na inafaa tuitikie. Ila somo hili linatuuliza ukuta ulikuwa wapi.

Barabara ya Mandela malori ya bandarini hayaishi. Dereva wetu hukaa kulia, kwa hiyo ubavu wa kushoto wa lori ndio anaouona kidogo zaidi. Kijana anapenya kushoto kwenye foleni awahi mbele. Lori linapokata kona kushoto, kichwa kinatanua, tela linafuata kwa ndani, na matairi ya nyuma yanausogelea ukingo kuliko yalivyopita ya mbele. Upenyo alioingilia unafumba akiwa bado ndani yake, na honi hapo haimsaidii. Usipouona uso wa dereva kwenye kioo chake, ujue naye hakuoni. Baki nyuma.

Halafu mwendo. Kilomita 60 kwa saa ni karibu mita 17 kila sekunde, na sekunde ya kushtuka inazimaliza mita hizo kabla breki haijaguswa. Wengi hukanyaga ya nyuma tu, wakiogopa ya mbele itawarusha. Lakini pikipiki ikipunguza mwendo uzito unahamia mbele, tairi la nyuma linakuwa jepesi, na likifunga linateleza. Breki ya mbele ndiyo inayosimamisha zaidi. Iminye kwa kuongeza nguvu kidogo kidogo, usukani ukiwa umenyooka, pamoja na ya nyuma. Mvua inapoanza tu, mafuta na vumbi vya lami vikichanganyika na maji, barabara huteleza sana. Punguza mwendo kabla hujaingia kwenye kona.

Turudi kwa mwenye nyumba. Pikipiki nyingi si mali ya anayeziendesha. Yupo tajiri anayepokea hesabu kila jioni, na baadhi yao ni waumini wenzetu, wanaotoa fungu la kumi kutoka kwenye hesabu hiyo. Ndugu, tairi kipara ni dari yako isiyo na ukuta. Kudai hesabu kamili siku ya mvua kubwa ni kumsukuma kijana kwenye ukingo. Jioni moja kila juma, kabla ya kupokea fedha, inama uikague. Cheni icheze sentimita mbili hadi tatu katikati: ikilegea zaidi inaweza kuruka na kulifunga gurudumu, ikikazwa mno inachakaa upesi na kukatika. Taa ya breki iwake kwa mkono na kwa mguu. Siku ya fundi usidai hesabu.

Kofia ngumu ziwe mbili, ya dereva na ya abiria, na ni juu yako kuzinunua. Mkanda ukifungwa, vidole viwili tu vipite chini ya kidevu. Kofia iliyokwisha kugonga lami kwa nguvu haifai tena hata kama gamba halina ufa, kwa kuwa povu gumu la ndani likishabonyea halirudi. Mishikaki haina mjadala: abiria ni mmoja.

Na wewe kijana uliyenusurika juma hili, usirudi kijiweni siku hiyo hiyo. Mwili bado unatetemeka hata kama moyo umetulia. Kichwa kikizidi kuuma, ukitapika au kusinzia isivyo kawaida, wahi hospitali hata kama huna jeraha. Pikipiki isitembee mpaka fundi aone kama foki zimepinda au ringi imekwenda upande. Jumapili njoo utoe ushuhuda, na tajiri wako aje nawe.