Nilivyopunguza nauli ya familia kwa kupiga simu

Ukiishi Marekani na kwenu ni Tanzania, nauli ya Desemba ndiyo inayoamua kama mwaka huo mtakwenda nyumbani au mtaishia kutuma salamu. Sisi tunakaa Maryland, si mbali na uwanja wa Dulles. Tuko watano: mimi, mume wangu, wawili wa shule ya msingi, na kitindamimba ambaye wakati ule alikuwa hajatimiza miaka miwili. Ukweni ni Dar, kwetu ni Moshi. Mpango ulikuwa tutue Dar katikati ya Desemba, tusalimie wakwe, tupande Moshi kwa basi kabla ya Krismasi, halafu Januari tuondokee KIA, yaani uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, moja kwa moja. Kurudi Dar na watoto na mabegi, wakati mabasi yote yamejaa watu wanaotoka kula sikukuu Kilimanjaro, sikutaka hata kulifikiria.

Njia zilikuwepo za kutosha. Ethiopian, Qatar, KLM na Turkish wote wanatua Dar na KIA pia, kwa hiyo kuingilia mji mmoja na kutokea mwingine hakukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa bei. Nikiandika kwenye tovuti watu wanne na mtoto wa kupakatwa, nauli ya kila mmoja inakuja juu. Nikiandika watu wawili tu, ndege ileile, tarehe ileile, inashuka. Nikirudisha wanne, inapanda tena. Shoga zangu wakaniambia tovuti inakufuatilia, futa kumbukumbu za simu yako. Nikafuta, bei ikabaki palepale.

Ndipo nikampigia wakala mmoja, Mtanzania mwenzetu, ambaye wanawake wa kikundi chetu wamekuwa wakikata tiketi kwake miaka mingi. Nilimweleza yote: tarehe, watu, umri wa watoto. Nikasikia anabonyeza kompyuta, kisha akaanza kusoma kama anayejisomea mwenyewe: "T sifuri, L mbili, Q tisa." Nikamuuliza, kaka, hizo ni nini? Akasema, "Dada yangu, hapo ndipo pesa yako inapopotelea. Ngoja nikueleze."

Maelezo yake ndiyo yaliyonifungua macho. Siti za daraja la kawaida, ingawa ni zilezile na chakula ni kilekile, zimegawanywa kwa bei, na kila bei ina herufi yake. T ilikuwa ya chini kabisa, imekwisha. L inafuata, zimebaki siti mbili. Q iko juu yake, na tisa maana yake ni tisa au zaidi, kwa sababu mfumo wao hauonyeshi zaidi ya hapo. Ukiomba siti nne kwa mkupuo, kompyuta inatafuta bei ya chini kabisa ambayo ina siti zote nne. L haitoshi, basi inawapeleka wote Q, hata wale wawili ambao wangeweza kupata L. Tuseme L ni dola 1,400 na Q ni dola 1,650. Watu wawili wamelipa dola 250 zaidi kila mmoja bila sababu yoyote isipokuwa kwamba waliombewa siti pamoja na wenzao.

Dawa yake ni kugawa familia kwenye buking mbili. Mume wangu na binti yetu mkubwa wakachukua zile mbili za L; mimi, mtoto wa pili na kitindamimba tukaingia Q. Kila buking ilikuwa na mtu mzima, kwa sababu mtoto hawezi kukatiwa tiketi peke yake kama msafiri wa kawaida. Halafu wakala akaziunganisha kwa kuandika kwenye kila moja namba ya nyenzake, ili shirika lijue kwamba hawa ni familia moja na siti zao zipangwe karibu. Unaweza kujaribu kufanya hivyo mwenyewe mtandaoni, ukinunua mara mbili, lakini mimi na watoto watatu nisingethubutu. Ukimaliza kununua ya kwanza, bei ya pili inaweza kuwa imekwishaondoka. Yeye alizishika zote kwanza, ndipo tukalipa.

Jambo la pili lilimhusu kitindamimba, na hili lilikuwa limeishinda tovuti kabisa. Kwenye safari za kimataifa, mtoto wa chini ya miaka miwili anayepakatwa kwa kawaida hulipa kama asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Lakini umri unahesabiwa siku ya kupanda ndege, na wetu alikuwa anatimiza miaka miwili tukiwa Moshi. Kwa hiyo kwenda ni wa kupakatwa, kurudi lazima awe na siti yake. Tovuti ilinitaka nichague moja: mtoto mchanga wa kupakatwa safari nzima, au mtoto mwenye siti safari nzima. Wakala alimwandika mchanga wa kwenda na mtoto wa kurudi. Hapo pekee tuliokoa karibu nusu ya nauli ya mtoto. Mama yeyote mwenye mtoto wa umri huo, naomba asibonyeze kitu kabla ya kuzungumza na mtu.

Kabla ya kulipa nilipiga simu pia kwa shirika lenyewe la ndege, kulinganisha. Mhudumu aliweza kugawa buking kama wakala, ila shirika hilo linatoza ada kwa kila tiketi inayokatwa kwa simu. Ukiwapigia, waombe waiondoe ikiwa safari yako haikatiki kwenye tovuti yao. Alikubali nilipomweleza habari ya mtoto. Faida ya kukata kwa shirika ni sheria ya Marekani inayowataka wakushikie bei kwa saa 24 bila malipo, au wakuruhusu kufuta ndani ya saa 24 bila kukatwa, mradi safari iko siku 7 mbele au zaidi. Wakala habanwi na sheria hiyo, kwa hiyo nilimuuliza waziwazi yeye anatoa muda gani na akifuta anakata kiasi gani. Hata hivyo bei yake ilikuwa chini kidogo, maana ana nauli za mkataba ambazo haziwekwi mtandaoni. Nikakata kwake.

Majina aliyasoma herufi moja moja, M kama Moshi, A kama Arusha, nami nimeshika pasipoti mkononi nafuatisha. Usichoke hapo. Nililipa kwa kadi ya benki yenye haki ya kupinga malipo, siyo kwa kumtumia mtu pesa kwenye simu yake; na namba ya simu ya shirika niliichukua kwenye tovuti yao wenyewe, kwa sababu namba za matapeli zimejaa kwenye matokeo ya kutafuta. Nilipopokea karatasi za safari, nilitafuta namba ya tiketi ya kila mmoja wetu, ile ya tarakimu 13. Buking bila namba hiyo ni siti iliyoshikwa tu, na ikipita saa iliyowekwa inajifuta yenyewe.

Kugawa familia kuna gharama yake, nayo ni kukaa macho. Novemba shirika lilibadilisha ratiba ya ndege ya kuunganisha. Mume wangu na binti walihamishiwa ya asubuhi, sisi watatu tukawekwa ya jioni. Nilimpigia wakala usiku huohuo, akawasiliana nao, na kwa kuwa buking zilikuwa zimeunganishwa tangu mwanzo hawakubisha: wakaturudisha sote ya asubuhi bila kulipa kitu. Karatasi mpya zilipokuja nilizichapa zote mbili, nikaziweka mezani na kuzifuatisha mstari kwa mstari, namba ya ndege, tarehe, saa ya kutua.