Maua ya harusi ya mdogo wangu

Waliowahi kufanya kazi kwenye mashamba ya maua ya Usa River na Tengeru wanaijua Januari. Ulaya ilikuwa ikijiandaa kwa tarehe 14 Februari, na sisi huku chini ya Mlima Meru tulikuwa tukikata, tukipanga gredi na kufunga waridi tangu alfajiri mpaka usiku. Likizo hazikutoka. Mgonjwa aliulizwa maswali mengi, mfiwa aliruhusiwa kwenda kuzika na kurudi. Harusi haikuhesabiwa kabisa.

Mwaka 2005 harusi ya mdogo wangu ilipangwa Ijumaa, tarehe 4 Februari, kwetu Pangani. Wazee waliutaka mwezi wa Mfunguo Tatu, Iddi Kubwa ikiwa imeshapita, na neno lao lilikuwa limekwisha. Niliomba ruhusa, nikanyimwa. Msimamizi wangu, mwanamke mwenye huruma, akaenda kuniombea tena ofisini. Alirudi akitikisa kichwa kabla hajanifikia.

Mama yetu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na dada mkubwa ni mimi. Kwetu kuna mambo ambayo dada humfanyia biarusi kwa mikono yake mwenyewe: kumsinga kwa manukato, kumfungia kikuba cha maua kifuani, kumtandikia kitanda cha maua. Mambo hayo hayatumwi kwa salamu. Nilirudi kwenye meza ya gredi nikiwa na uchungu ambao sikuweza kumweleza mtu, nikaendelea kupima mashina ya waridi, sentimita arobaini huku, hamsini huku, sitini huku, na katikati ya kupima ndipo lilipoingia wazo. Maua haya tunayafikisha Uholanzi yakiwa hai. Pangani kuna nini?

Kikwazo cha kwanza kilikuwa harufu. Waridi la shambani kwetu lilikuwa zuri kulitazama: shina limenyooka, kichwa kimefumba vizuri, na likitiwa maji hukaa siku nyingi. Ulipeleke puani, hupati kitu. Waliozalisha aina hizo walitafuta urefu wa shina na uvumilivu wa safari, na harufu haikuwamo katika waliyoyatafuta. Kwa mnunuzi wa Ulaya haidhuru, maana yeye ataliweka mezani alitazame. Mwanamke wa pwani ua hulivaa, hulilalia, hulisaga akajipaka mwilini. Ningempelekea shangazi yangu, aliyekuwa somo, yaani kungwi, wa mdogo wangu, sanduku zima la waridi lisilonukia, angeshukuru kwa adabu na kuyaweka pembeni.

Waridi linalonukia lilikuwa nyumbani nilikopanga. Mwenye nyumba alikuwa bibi wa Kimeru, mjane, na kwenye kihamba chake, kati ya migomba na kahawa, ulikuwapo uzio mrefu wa mwaridi wa zamani. Maua yake ni ya pinki, yamejikunja kwa petali nyingi, mashina yamepinda na kujaa miiba. Shambani kwetu yasingepita gredi yoyote. Lakini asubuhi, kabla jua halijapanda, ulikuwa ukilisikia waridi la bibi tangu getini. Kila Jumamosi jioni aliyakata akayapeleka kanisani, yakapambe madhabahu ya Kilutheri.

Nilikwenda kumwamkia, nikamweleza. Nilikuwa tayari kununua.

“Harusi ni Ijumaa?” aliuliza.

“Ndiyo, bibi.”

“Basi kata yote yaliyochanua nusu. Yaliyochanua kabisa usiyaguse, yatapukutika njiani. Jumapili hii madhabahu itapambwa kwa majani.”

Nilipotaja bei hakunijibu. Aliinuka akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na viriba viwili, vile alivyozoea kuoteshea miche ya kahawa, kila kimoja kina kijiti cha mwaridi kilichokwisha kushika mizizi na kutoa majani matatu manne. Akasema ua la kukata ni la siku moja, na mdogo wangu anaanza maisha, apewe la kupanda.

Sikuwa nimemwambia habari za mwaridi wa mama. Uani kwetu Pangani mama alikuwa na mwaridi wake pembeni ya kisima. Ulianza kukauka yeye akiwa hai, majani yakiungua kingo, kwa sababu kisima kilikuwa kimeanza kukolea chumvi. Watu wa Pangani wanalijua jambo hili kwa kina. Mto umepungua nguvu, maji yake yanatumika huko juu kwa kilimo na mabwawa, na maji yanaposhuka machache bahari hupanda mtoni, ikaingia visimani na kwenye minazi ya watu. Mimi nilikuwa nikiishi huko juu. Maji ya Mto Usa yanaingia Kikuletwa, Kikuletwa inakutana na Ruvu kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, na kuanzia hapo ndiyo Mto Pangani unaopita Korogwe na kutokea baharini kwetu. Nilikuwa nikinywesha waridi la Wazungu kwa maji ya mto wa nyumbani. Jambo hilo lilinikaa moyoni mwaka ule, na halijaondoka. Kwa hiyo kwenye kila kiriba nilifunga karatasi yenye maandishi makubwa: MAJI YA BOMBA AU YA MVUA, SI YA KISIMA.

Jumanne jioni mimi na mjukuu wa bibi tulikata maua, tukaondoa majani ya chini na miiba, tukayasimamisha kwenye ndoo za maji, tukaziacha nje. Shambani, maua hayakufungwa kabla ya kupoa saa kadhaa katika chumba cha baridi. Sikuwa na chumba hicho, ila usiku wa Meru una baridi yake, nao ulitosha. Msimamizi wangu alikuwa amenipa boksi lililochanika upande mmoja, pamoja na vifungu vya waridi jekundu lililokataliwa kwa ufupi wa shina. Alfajiri nikaanza kufunga kwa magazeti yaliyoloweshwa. Bibi alinitazama, akaniambia gazeti litakauka kabla ya Same. Akaenda kwenye mgomba uliokwisha kukatwa mkungu, akauambua, akaleta maganda yake mapana, yamejaa maji, ya baridi mkononi. Tukayalaza maua humo, tukafunga kwa kamba za mgomba huohuo, na ndani ya boksi tukayapanga vichwa huku na huku, viriba vikiwa katikati vimeshikiliwa visipinduke.

Nauli ya mzigo nilikuwa nimeshailipa stendi ya Arusha, na mabasi ya Tanga yanapita Usa River kwenye barabara ya Moshi. Tulisimama pale kituoni na boksi letu. Basi likafunga breki, konda akaruka chini, akayaona maua yanayochungulia kwenye ule upande uliochanika, uso wake ukabadilika.

“Pole, dada. Msiba uko wapi?”

Sikumshangaa. Bara huku watu wamezoea kuona maua mengi yakisafiri kwa ajili ya kaburi. Nikamwambia ni ya harusi, ya mdogo wangu, na kwamba mimi siwezi kwenda. Akaniangalia kidogo. Mzigo ulikuwa wa kwenda kwenye buti, hakuupeleka huko. Alimwomba abiria wa kiti cha mbele asogeze miguu, akaliweka boksi chini upande wa mlango, mbali na joto la injini, akaniuliza linyunyiziwe maji mara ngapi. Alipopita tena siku za baadaye alinieleza kwamba Same alinyunyizia, Mombo alinyunyizia, na kwamba mama mmoja aliyepanda Korogwe alilipakata boksi lile magotini mpaka Segera.

Baada ya Segera tairi lilipasuka. Mjomba, aliyekuwa akilisubiri basi Tanga, alilipokea boksi giza likiingia, gari la mwisho la Pangani limeshaondoka, na barabara ile enzi hizo ilikuwa ya vumbi na mashimo. Akalala Ngamiani kwa jamaa. Alinibipu usiku. Niliazima simu yenye salio, nikampigia, moyo umenipanda kooni.

“Mjomba, yamefikaje?”

“Mwanangu, nimeyaweka chini ya mtungi, yamepoa. Nyumba nzima inanukia. Wenyeji wananiuliza nani anaolewa.”

Alhamisi asubuhi akayafikisha. Yaliyofuata nimeyajua kwa simu za shangazi, na baadaye kwa kaseti ya video ambayo nimeitazama mara nyingi.

Shangazi alifungua boksi mbele ya wanawake wote waliokuja kutwanga na kupika. Alichukua kwanza lile jekundu la shambani, akalinusa, akalirudisha bila neno. Hilo lilikwenda kupamba kiti cha biarusi, na kwenye video linang'aa kweli. Kisha akafungua maganda ya mgomba. Aliniambia kwamba hapo alikaa kimya, kwa sababu harufu ile ilikuwa ya uani kwa wifi yake, yaani mama yetu. Akayagawa palepale. Mengine yakachambuliwa petali, yakaanikwa kivulini kidogo, yakatwangwa pamoja na liwa na karafuu maiti kwa ajili ya singo ya jioni ile. Mengine yakalowekwa, na maji yake yakawa ya kumkogesha biarusi. Yaliyokuwa bado na umbo yakasubiri Ijumaa: waridi, asumini, rehani na mkadi, vikafungwa vikuba, kimoja cha biarusi na vingine vya wanawake wa nyumba. Kitandani zilimwagwa asumini na petali za Meru.

Kuna mahali kwenye video mdogo wangu anashika kikuba kifuani mwake, anainamisha kichwa kukinusa, halafu anamgeukia shangazi na kusema kitu ambacho sauti ya taarabu imekifunika. Nimemuuliza alisema nini. Alisema, “Dada ameshafika.”

Nilipokuwa nikilisikia hilo, shambani msimu ulikuwa umekwisha, tumelipwa, na baadhi yetu tumepunguzwa. Sikujuta hata shilingi moja niliyotumia. Mwaridi mmoja wa bibi ulikufa mwezi uleule kwa joto la kaskazi. Wa pili ulishika. Shangazi aliuhamishia kwenye chungu kikubwa akauweka mbali kabisa na kisima, akiunywesha mwenyewe maji ya bomba, na mwaka uliofuata akamkatia mdogo wangu vijiti vya kwenda navyo kwa mumewe Tanga.

Wiki chache baada ya harusi konda yuleyule alisimamisha basi Usa River na kunikabidhi kapu la ukili. Ndani mlikuwa na nazi, papa mkavu aliyefungwa vizuri asichafue vingine, na kiriba chenye mche wa mwasumini. Usiku shangazi akapiga.

“Papa na nazi ni zako. Huo mwasumini mpelekee bibi yako wa huko, mwambie ni wa madhabahu yake. Aupande penye jua, auwekee kamba ya kutambalia, na akichuma achume jioni, vikiwa bado vitumba. Na umuulize, huko kwao baridi ya mwezi wa saba itauacha?”

Nilimuuliza bibi. Akasema ataulaza jikoni, karibu na mafiga, mpaka Septemba.