Nilivyofanikiwa kucheza gemu mpya kwenye mashine ya zamani

Wengi wetu tuliokulia Afrika Mashariki hatukucheza kwenye Nintendo halisi, bali kwenye mashine za kuiga zilizouzwa pamoja na kaseti za njano, ambazo zilijigamba kuwa na gemu mamia ilhali zilikuwa chache tu zinazojirudia. Mashine hizo ziliiga Famicom, mashine ya Nintendo iliyoingia sokoni Japani mwaka 1983, na kwa hiyo tundu lao la kaseti ni la pini 60, wala si 72 kama NES, toleo lake lililouzwa Marekani na Ulaya. Anayetaka kuzifufua aanze na hesabu hiyo ya pini kabla ya kutoa fedha, maana kaseti ya NES haiwezi kuingia humo.

Gemu niliyoitaka ilikuwa Micro Mages, ya wachawi wanaopanda ngome, iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine hizi za zamani na kutolewa mwaka 2019 na kikundi cha Morphcat Games cha Ujerumani. Kwa kuwa inauzwa pia kama faili, niliinunua, nikaitia kwenye memori kadi, kisha nikaichomeka kadi hiyo katika kaseti maalumu ya pini 60 inayosoma faili za namna hiyo, ambayo jamaa yangu aliniletea kutoka ng'ambo. Bei ya kaseti hiyo ilizidi ya mashine yenyewe, jambo ambalo nyumbani sikulitangaza.

Mashine ilipowashwa ilionyesha skrini ya kijivu tu. Pini za ndani zilikuwa zimeshika uchafu, hivyo niliifungua, nikazisugua kwa mswaki uliochovywa spiriti, nikaiacha ikauke kabisa kabla ya kuirudishia umeme. Picha ikaja, lakini kwa waya wa antena ilijaa chenga, na ilitulia nilipohamia kwenye waya wa njano na televisheni ya chogo. Televisheni bapa nayo inafaa, ila nyingi huchelewesha picha kidogo, na katika gemu ya kuruka kuta ucheleweshaji huo mdogo ndio unaokuua.

Micro Mages nzima ina kilobaiti 40, pungufu ya picha nyingi tunazotumiana kwenye WhatsApp, wakati gemu kubwa za leo humaliza bando la mwezi kabla hujaigusa pedi. Mashine yenyewe ina kumbukumbu ya kazi ya kilobaiti 2, na haiwezi kuchora zaidi ya vipande vinane vinavyotembea katika mstari mmoja wa skrini. Vikizidi, vinaanza kupepesa. Ndiyo maana wachawi wa gemu hii ni wadogo mno. Hata ngome wanayoipanda imebanwa kwa ujanja: huhifadhiwa nusu ya skrini, nusu ya pili huchorwa kama taswira yake ya kioo, kisha baadhi ya mistari husogezwa ili jicho lisigundue. Baada ya kujua hilo nilijikuta nikicheza polepole, nikitafuta mahali mshono ulipofichwa, na kwangu raha hiyo inaipita ile ya kukumbuka utoto. Watengenezaji wa gemu wa miaka ya 1980 walibanwa na bei ya chipu na tarehe ya kiwanda. Hawa wa sasa wamejichagulia kamba hiyo hiyo, na wana muda wa kuijua mashine kuliko waliowatangulia.

Wanangu hawana kumbukumbu yoyote ya kaseti za njano, lakini waling'ang'ania pedi mbili hadi usiku, hasa walipogundua kwamba mchezaji akifa hubaki kama mzimu na bado anaweza kumsaidia mwenzake. Asiyetaka kununua faili anaweza kuanza na Nova the Squirrel, gemu nyingine mpya ya mashine hizi, ambayo hutolewa bure pamoja na msimbo wake wa programu. Kwenye kaseti ya memori kadi nayo huingia kwa njia ile ile.