Sanduku la bati si la mwanafunzi tu

Mtanzania mwenzangu, ukionekana Kampala umebeba sanduku la bati kwenda kambini, utaulizwa unasoma bweni gani. Inaudhi, maana anayeuliza ana maboksi ya plastiki ambayo vifuniko vyake havitafika safari ya pili ya hifadhi ya Murchison.

Plastiki inayoonyesha ndani inapendeza dukani. Ile ngumu, inayolia kama kioo ukiigonga, hupasuka pembeni gari likianza kurukaruka. Geuza boksi usome namba ya aina ya plastiki iliyo chini: 2 au 5 hupinda bila kuvunjika, 6 iache hapo hapo. Kandamiza kifuniko katikati kwa viganja vyote viwili. Kikibonyea, hakitabeba boksi jingine juu yake. Vibano vivute mara kadhaa mbele ya muuzaji, kwa kuwa ndivyo vinavyokatika kwanza. Usizidi lita 60. Lita 100 zikijaa sufuria na mchele zinataka watu wawili kila mkishuka.

Jiko na chakula naviweka kwenye bati, na hapo sibishani na mtu. Nyani hafungui kufuli. Fundi wa Katwe, mtaa wa hapa Kampala, anakuundia kwa kipimo unachompa, basi pima buti la gari ukiondoa matao ya magurudumu. Kasoro ni vumbi jekundu na kutu: bandika mpira wa mlango wa gari kuzunguka mdomo wote, paka rangi ya kuzuia kutu kwenye maungio, ndani tandika turubai ili vyombo visigongane. Bei isikushtue, shilingi ya hapa ina sifuri zake. Piga hesabu ya kwetu kwanza. Wewe unayekuja kutafuta kazi ya kuongoza watalii, anza na “ssebo” (bwana) au “nnyabo” (bibi) kabla ya kuuliza bei. Kiswahili kitupu cha kuamrisha hakipunguziwi kitu.

Hema ni jambo jingine. Boksi lenye mpira usilifungie hema bichi, hata usiku mmoja ni mwingi. Joto na unyevu hufanya utando unaozuia maji unate na kubanduka, na ukishafika hapo haurudi. Lianike kivulini, mishono ikauke, kisha likae kwenye mfuko wa kitambaa uliolegea. Vigingi vipe mfuko wake, vinatoboa. Mitungi midogo ya gesi isiachwe ndani ya gari lililofungwa juani, na betri zitoe kwenye taa kabla ya kuhifadhi, zisije zikavuja.