Siku Moja na Kilo 18 za Matofaa

Saa kumi na nusu alfajiri niko Marikiti, soko la jumla la Nairobi, gamubuti miguuni. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, na kwetu tofaa ni lile tunda jekundu lenye maji mengi. Hapa Nairobi ukilitaja hivyo muuzaji atakukodolea macho. Sema "epo za kijani" ndipo utaoneshwa katoni ya kilo 18 kutoka Afrika Kusini. Nataka Granny Smith, zile chachu; hapa ndizo ninazoziita matofaa. Nabonyeza moja, nanusa, nalipa. Mkokoteni hadi penye matatu, kisha nyumbani Umoja.

Kazi yangu ni kupika matofaa ya kutilia ndani ya pai. Pai yenyewe siioki. Nawauzia waokaji wasio na muda wa kumenya. Nikimweleza mtu hivyo, swali la kwanza huwa: "Pai ya nyama?"

Saa mbili mpaka saa nne ni kumenya, kutoa mioyo na mbegu, kukata vipande vya nusu sentimita na kuvitumbukiza kwenye maji ya ndimu visigeuke rangi. Vidole hubaki vyeusi siku mbili. Shemeji huniuliza kama nimeajiriwa gereji.

Saa nne na robo, simu. Ni mteja wa leo, mwenye oda ya matofaa ya pai 10 za sherehe ya bintiye.

"Dadangu, umeanza?"

Nimeanza.

"Mbona usitumie zile nyekundu? Ni tamu, utaokoa sukari."

Nikamweleza taratibu: nyingi ya zile nyekundu zikipata moto hulala, unabaki na uji. Hizi chachu hushikilia umbo. Akanyamaza kidogo.

"Lakini si ni matunda na sukari tu? Nipunguzie basi."

Nilimpunguzia. Mpaka sasa najiudhi mwenyewe.

Sufuria yangu ni ya chuma kisichoshika kutu, maana ya alumini na uchachu hazipatani. Siagi, matofaa, sukari, mdalasini, kungumanga ya kukwaruza na chumvi kidogo. Vipande vikianza kulegea, unatia konflawa uliyoikoroga kwa maji baridi; ukiitia kavu utapata madonge. Hapo ndipo penye kazi. Rojo huanza jeupe kama maziwa, linatokota, unakoroga polepole usivunje vipande, halafu ghafla linang'aa kama kioo. Ndimu nyingine nakamulia mwisho, kwa sababu ikitangulia hulegeza rojo. Dakika hizo sishiki simu.

Simu ikalia. Nikashika.

"Boda wangu yuko njiani."

Tulikubaliana saa tisa. Ilikuwa saa sita! Nikaanza kumweleza kuwa lazima yapoe, kwamba ukiyatia ya moto kwenye unga uliokandwa wa pai, mafuta yake yanayeyuka na chini kunakuwa chapachapa. Akasema atayapoza yeye. Nikasema hapana. Akasema amezoea kupika. Tuliposhindana vya kutosha, harufu ikanijulisha kwamba sufuria ya pili imeshika chini. Yote nikamwaga. Nikaanza upya na matofaa niliyoyaweka akiba, na gesi nayo ikaisha. Kijana wa jirani akanibebea mtungi mpaka dukani na kurudi, ngazi za ghorofa nne.

Baada ya hapo saa sikuziangalia tena. Nakumbuka tu nimeinama juu ya masinia mawili dirishani, natandaza matofaa yapoe haraka, mgongo unawaka, na yule boda ameketi kwenye kindoo kilichofunikwa, helmeti mapajani. Nikampa kipande cha mkate chenye kijiko kimoja juu. Akatafuna kimya.

"Mama, hii ni jemu ama ni mboga?"

"Ni ya ndani ya pai."

"Ongeza kidogo nijue vizuri."

Aliondoka na mikebe 10 jua likielekea kuzama, huku mwenye oda akinipigia kuuliza kwa nini nimemchelewesha mtu wake.

Saa tatu usiku, nimelala kwenye kochi na aproni, akapiga tena. Nikajua ni lawama. Kumbe mwokaji wake hakutokea. Wageni waliyala kwa chapati wakamaliza, na sasa anataka mikebe 3 kesho kutwa.

"Bei ileile ya leo, eh?"

Nikaamka kwenda kuhesabu yaliyobaki kwenye katoni. Yalikuwa 5.